Mwito wa Saa Kumi na Mbili na Nusu

Kwenye ukuta wa sebule ya Katibu palikuwa na saa mbili. Moja ilionyesha saa za Eldoret. Nyingine, iliyoning'inia juu ya meza ya redio, ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili, na sikumbuki mgeni aliyeingia nyumba ile kwa mara ya kwanza asimwambie mwenyeji kwamba saa yake imeharibika.

"Haijaharibika," angejibu bila kuinua kichwa. "Hiyo ni saa ya dunia."

Mkewe, Mama Chebet, alikuwa na maelezo yake. "Hiyo saa ilitumwa kutoka ng'ambo," aliwaambia wageni akiwamiminia chai. "Bado iko njiani. Haijafika Eldoret."

Ilikuwa saa ya dunia kweli. Watu wa redio ya ridhaa, popote walipo, huandika mawasiliano yao kwa saa moja inayofanana, ili daftari la mtu wa Moiben na la mtu wa Ufini yaweze kulinganishwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kwa Katibu kulinganisha madaftari ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe. Mazungumzo yalikuwa njia tu ya kufika huko.

Tulimwita Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa chama cha redio ambacho, kilipokuwa na nguvu zake zote, kilikuwa na wanachama saba. Mwenyekiti aliwahi kuchaguliwa, akahamia Nakuru, na Katibu hakuona sababu ya kumtafuta mwingine. Serikali ilikuwa imewapa leseni ya kurusha sauti zao hewani kwa ajili ya kujifunza na kufahamiana, bila malipo, bila biashara, bila siasa. Wengi wao walikuwa wafugaji na walimu waliostaafu. Yeye mwenyewe alikuwa amestaafu kazi ya simu, jambo ambalo halikumzuia kuzidharau simu za mkononi hadi mwisho.

Mimi sikuwa mwanachama. Nilikuwa jirani, mwanamke aliyekuja kutoka upande wa ziwa kufundisha ukutubi chuoni, na nilipohamia mtaa wa Elgon View nyumba yake ndiyo iliyokuwa kuukuu kuliko zote katika barabara yetu. Niliuona waya wake wa redio kabla ya kumwona yeye: ulitoka juu ya mkaratusi nyuma ya jikoni, ukapita juu ya paa, ukaishia kwenye mnara wa tangi la maji. Tulijuana kwa malalamiko. Jioni moja mtangazaji wa habari kwenye televisheni yangu alifungua mdomo, ikatoka sauti ya mzee akiuliza kama mvua imenyesha. Nilikwenda langoni kwake nikiwa nimekasirika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akachukua mkoba wa vifaa, akaja kwangu na kufunga kidude fulani nyuma ya televisheni.

"Kosa si langu, Madam," alisema akikaza skurubu. "Hii televisheni yako inasikiliza mambo haikualikwa."

Nilicheka. Baadaye niliyakumbuka maneno yale kwa namna nyingine.

Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, aliwasha redio, akasoma herufi za utambulisho za kila kituo kwa zamu, akangoja. Aliyeitwa alijibu mambo matatu kwa mpangilio usiobadilika: mahali alipo, jinsi anavyomsikia Katibu, na hali ya hewa. Wafugaji walipenda hilo la tatu. Katibu alipenda la pili. La kwanza hakulipenda wala kulichukia, alilidai tu. Kanuni zilisema kwamba anayerusha akiwa nje ya anwani iliyo kwenye leseni aseme yuko wapi, na Katibu hakuwahi kumwacha mtu apite bila kulisema. Niliwahi kumsikia akimhoji mwanachama aliyeitikia kutoka kwenye gari.

"Niko Kitale, Katibu."

"Kitale ni kubwa. Kitale wapi?"

"Kwa harusi."

"Harusi si mahali."

Yule bwana alilazimika kushuka na kuuliza watu jina la kanisa.

Katibu alikuwa mtu wa kinyume na kinyume. Alizungumza mara kwa mara na daktari wa meno huko Ajentina, na kadi ya daktari yule, ya kuthibitisha kwamba walisikilizana, aliipigilia ukutani pamoja na mamia ya nyingine. Lakini na jirani wa kulia hakusemezana kwa miaka miwili kwa sababu ya tawi la mkaratusi lililokatwa bila ruhusa. Alikuwa mkali kwa kila aliyekawia dakika mbili kuitikia, na alikuwa wa kwanza kumpelekea mtu huyohuyo betri yake ilipokufa. Aliandika kwa penseli tu. Nilipomuuliza sababu alisema wino unamfanya mtu aone kana kwamba amemaliza.

Kilichomuudhi kuliko vyote kilikuwa adabu. Ripoti ya jinsi unavyomsikia mwenzako ni tarakimu mbili: ya kwanza, hadi tano, ni ya kueleweka, ya pili, hadi tisa, ni ya nguvu ya sauti. Wanachama, kwa heshima ya mzee, walimpa tano tisa kila jioni, hata siku za radi. "Hawa watu wananibembeleza," alilalamika. "Nitajuaje kama waya umekatika?"

Mmoja tu hakumbembeleza. Alikuwa fundi wa Moiben, mtu wa kutengeneza vinu vya kusaga na mashine za kupoza maziwa. Hakuwa mzaliwa wa huko. Watu wa kwao walitoka upande mwingine wa nchi, ingawa alikuwa ameishi Moiben muda wa kutosha watoto wake kugombana kwa lugha ya pale. Yeye na Katibu walikuwa wameonana ana kwa ana mara chache sana. Walisikilizana kila siku.

"Tatu nne leo, Katibu," angesema. "Una kelele kama kinu."

"Kinu cha nani?"

"Hapana, ninakosea. Kinu kina mpangilio."

Katibu aliandika tatu nne, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa zawadi.

Kisha ukaja ule uchaguzi, na matokeo yake, na moshi. Sina nguvu ya kueleza siku zile upya. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo wameshaambiwa mara nyingi. Nitasema tu kwamba watu wa asili kama ya fundi waliwindwa, barabara zilifungwa, kadi za simu ziliisha madukani, na mtu alikuwa na ndugu mwendo wa saa moja kutoka alipo bila njia ya kujua kama yu hai. Ndipo watu wa Elgon View, ambao kwa miaka walikuwa wameuona ule waya kama uchafu wa mtaa, walipoanza kubisha lango la Katibu, kila mmoja na kikaratasi chenye jina.

Leseni ilikataza kupeleka ujumbe wa mtu asiye mwanachama. Alishindana na jambo hilo asubuhi nzima. Nilimwona akitembea kati ya tangi na mkaratusi, mikono nyuma. Mchana alifungua mlango. Akazipokea karatasi zote, akazinakili kwa penseli, akaburuta spika ya pili hadi dirishani ili walio nje barazani nao wasikie majibu. Sijawahi kuona nyumba iliyofunguliwa hivyo. Mama Chebet alipika chai kwa sufuria ya sherehe.

Jioni ya pili nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mkononi nina jina la dada yangu. Sebuleni tulikuwa kama tisa. Barazani walikuwapo wengine ambao sikuwajua wote. Katibu aliita vituo kwa zamu. Alipofika Moiben, fundi alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea akiwa na kitambaa mdomoni.

"Ninakupata, Katibu. Tatu tano. Mvua hakuna."

"Mahali?"

"Moiben."

"Uko nyumbani?"

"Siko nyumbani."

"Basi sema mahali, Fundi. Uko mahali gani?"

Nakumbuka penseli ya Katibu ikingoja juu ya safu ya mahali. Nakumbuka kwamba nilikuwa na mdomo, na sikuutumia. Mama Chebet peke yake ndiye aliyesema kitu, kutoka mlango wa jikoni: "Baba Chebet." Katibu akainua mkono wa kushoto, kama alivyouinua siku zote mtu akimkatiza katikati ya mawasiliano.

Na fundi, ambaye hakuwahi kumpa Katibu jibu la kubembeleza, akasema. "Ghala la mahindi nyuma ya zahanati ya zamani. Tuko watu kumi na mmoja."

Katibu aliandika. "Asante. Tano tano kwako." Ndipo akainua kichwa, akatuona. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama dirisha, akatazama spika. Akanyoosha mkono akapunguza sauti mpaka ikafa, wakati hapakuwa tena na kitu cha kunyamazisha.

Asubuhi habari zilifika kwa mdomo kwamba ghala lile limechomwa. Waliosema watu walitoka mapema walikuwa wengi. Waliosema hawakutoka walikuwa wengi vilevile. Wote walikuwa wameambiwa na mtu mwingine. Jioni Katibu aliita Moiben, akangoja, na hakuna aliyejibu.

Hatukuwahi kujua kama swali lake lilihusika. Maghala mengi yaliungua wakati ule bila mtu kuyataja hewani. Nilimwambia hivyo mara nyingi, kwa sababu nilihitaji kujiambia na mimi. "Inawezekana," alijibu, kwa sauti ambayo angemjibu mtu aliyempa tano tisa.

Barabara zilipofunguliwa alikwenda yeye na mkewe kwenye kambi ya waliofukuzwa, siku baada ya siku, akiuliza juu ya fundi wa vinu. Jina la Katibu na namna yake ya kutamka vilimtambulisha kuwa wa jamii iliyowafukuza kabla hajamaliza sentensi, na watu walitazama pembeni. Mama Chebet ndiye aliyenisimulia kuhusu mwanamke mmoja aliyekuwa akifua mbele ya hema.

"Mzee, huyo mtu unamtafutia nini?"

"Nilimuuliza swali sikupaswa kumuuliza."

"Basi wacha kumuuliza," yule mama alisema, na akaendelea kufua.

Katibu hakurudi tena kambini. Lakini hakulifuta jina. Wanachama walimshauri kwa upole aliondoe kwenye orodha, maana kuita mtu asiyejibu kunawachosha walio hai. Aliendelea. Kila jioni alizisoma herufi za fundi, akaitazama saa ya dunia kwa dakika moja nzima, akachora kistari. Na hakumuuliza tena mtu yeyote mahali. Katika kila daftari jipya alipiga mstari wa safu ile kwa rula, kama kawaida, akaandika kichwa chake juu, na safu nzima ikabaki nyeupe. Spika ya dirishani aliiondoa. Msumari ulibaki.

Miaka ilipita kama inavyopita hapa, ikipimwa kwa chaguzi. Kila tunapokaribia kupiga kura, majirani wananunua unga wa miezi miwili, wanajaza mafuta magari, wanawapeleka watoto kwa nyanya zao; kisha jambo linapita, au linapita nusu, na unga unaingia fukusi. Katibu alichaji betri mbili za gari. Nilizoea kumwona akiziburuta, na nilichoka kila mara, uchovu uleule, kama nguo usiyoweza kuitupa.

Chama kilipungua. Wawili walikufa, mmoja alihamia kwa mwanawe, waliobaki wakaanzisha kundi la WhatsApp. Katibu alikaa humo wiki moja.

"Huko wote wanaongea," aliniambia akinirudishia simu niliyokuwa nimemwazima. "Hakuna mwenye anangoja."

Ajabu ni kwamba mtandao wenyewe aliupenda. Nilimwonyesha, kwenye kompyuta yangu, tovuti ambazo wapenzi wa redio wa nchi nyingine wameweka vipokezi vyao ili mtu yeyote, popote, asikilize mawimbi kupitia mtandao kana kwamba ameketi hapo. Alirusha mwito wake wa jioni huku mimi nimefungua kipokezi kimoja cha mbali, na sauti yake ikaturudia ikiwa nyembamba na imechelewa.

"Huyo mzee anaongea polepole sana," alisema. "Watu wanamvumilia aje?"

Macho yake yalipofifia ilinibidi nimsaidie kazi aliyokuwa ameipania: kuyahamisha madaftari yake yote kwenye daftari la mtandaoni ambalo watu wa redio hutumia siku hizi badala ya kutumiana kadi. Unaandika uliongea na kituo gani, tarehe gani, saa ngapi. Kama mwenzako naye, popote alipo, ameandika mawasiliano yaleyale kwa saa ileile, mstari wako unageuka kijani: umethibitishwa. Kama hakuandika, unabaki mweusi. Haiwezekani kuthibitisha peke yako. Kwa mkutubi hii ilikuwa kazi ya kawaida, na nilikwenda kwake kila Jumamosi alasiri. Yeye alisoma kwa kioo cha kukuza, mimi nikachapa.

Tulipofika kwenye daftari la wakati ule, alifunua kurasa mbili kwa pamoja. Niliona. Yeye alijua nimeona. Tuliendelea hivyo karibu mwaka mzima, mpaka madaftari yote yakaisha, na Jumamosi iliyofuata nilipofika nikakuta lile daftari limefunguliwa mezani, ukurasa ule.

"Tuandike hii imebaki," alisema.

Nilichapa herufi za fundi, tarehe, saa ya dunia. Katika nafasi ya mahali niliacha wazi bila kuulizwa. Mstari ukabaki mweusi, na hatukuwa tumetarajia lingine.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa ofisini kwangu chuoni, nilifungua daftari lile kusahihisha kosa dogo. Mstari ulikuwa wa kijani. Niliutazama kwa muda mrefu, kisha nikafunga mlango wa ofisi. Mtu mahali fulani alikuwa na daftari la fundi, na alikuwa ameandika jioni ile, saa ileile, dakika ileile.

Nilikwenda kwa Katibu alasiri hiyohiyo. Alikuwa barazani, blanketi magotini, maana miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Nilimweleza.

"Ni yeye, ama ni mtu ako na kitabu yake?"

"Sijui, Mzee. Daftari linaweza kuchapwa na mtoto wake, au yeyote aliyeliokota."

"Ameandika nini kwa mahali?"

"Hakuandika kitu. Ameacha wazi."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Tovuti ilitoa nafasi ya kumtumia mwenzako ujumbe mfupi, nikamwambia. Alinisomea maneno, nami nikayachapa kwenye simu: kwamba kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, bado anaita, kwenye masafa yaleyale, kwamba akisikia, ampe ripoti. Nilipomsomea ili athibitishe, nilikuwa nimeongeza mwishoni, kwa mazoea tu ya mtu anayesalimu, Uko wapi siku hizi?

"Futa hiyo ya mwisho."

"Mzee, ni salamu tu."

"Futa, Madam." Hakupandisha sauti. "Mahali asiulizwe."

Nilifuta.

Jioni ile aliita Moiben, akangoja dakika yake, akachora kistari. Jioni ya pili vivyo hivyo. Jioni ya tatu nilikuwapo. Alikuwa amekwisha kuzima redio, na Mama Chebet alikuwa akipanga vikombe, simu yangu ilipolia mfukoni. Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja. Niliusoma kwanza peke yangu, kisha nikamsomea.

"Kueleweka tano. Nguvu tatu. Bado una kelele kama kinu."

Katibu alinisogezea sikio. Mama Chebet aliweka kikombe chini bila sauti.

"Rudia hizo namba."

"Tano, tatu."

"Hakusema tisa?"

"Hakusema."

"Basi ni yeye," alisema.

Alivuta daftari, akainama karibu kabisa na karatasi. Kwenye mstari wa jioni ile, alikokwisha kuchora kistari, alifuta kwa ufutio, akapuliza vumbi lake, akaandika tano, akaandika tatu. Safu ya mahali aliipita. Akaweka penseli chini, akageuka kutazama dirishani, ambako mwanga wa mwisho ulikuwa bado umeshika kilele cha mkaratusi.

"Tatu ni kidogo," alisema. "Hiyo waya imelegea, Madam. Kesho tutafute mtu apande aikaze."